Kukonda kwa Kutaka na Kukonda Bila Kutaka

Katika vilima vya Butembo na Lubero mtu mnene husifiwa. Watu humwambia, "Unaonekana vizuri," nao hufikiri kwamba nyumbani kwake hakuna njaa wala matata. Lakini mtu akikonda huulizwa, "Una nini?" Mara nyingi swali hilo hutoka katika upendo. Kumbe jibu lake mara nyingi hutafutwa njiani na sokoni, si hospitalini, na hapo ndipo hatari huanza.

Somo hili lina jambo moja kubwa la kukumbuka. Mtu akipungua uzito, kwanza ajiulize: "Je, mimi nilitafuta jambo hili, ama limenijia lenyewe?" Aliyelitafuta anapaswa kujua mambo ambayo hakuyatazamia. Yule ambaye limemjia lenyewe aende kwa daktari, wala asikawie.

Mwili ni kama ghala

Mkulima mwenye akili haweki mavuno yote mahali pamoja. Huweka kidogo jikoni kwa matumizi ya kesho, na mengi huyaweka ghalani. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Akiba ndogo hukaa katika ini na katika nyama za mwili, pamoja na maji mengi. Akiba kubwa ni mafuta yaliyo chini ya ngozi na ndani ya tumbo.

Mtu akipunguza chakula, akiba ndogo hutoka kwanza pamoja na maji yake. Kwa sababu hiyo katika juma la kwanza mizani hushuka upesi, naye hufurahi. Katika majuma yafuatayo hushuka polepole, naye hukata tamaa. Asikate tamaa, maana sasa ghala lenyewe limefunguliwa.

Lakini ajue hili pia: mwili hautumii mafuta peke yake. Mtu asipokula maharagwe, samaki, mayai au karanga, na asipotumia viungo vyake, nyama za mikono na miguu hupungua pia. Mizani huonyesha kwamba kilo 5 zimekwenda. Haisemi kama ni mafuta, ama maji, ama nguvu.

Kukonda kusikotafutwa

Mtu mzima mwenye kilo 60 akipoteza kilo 3 au zaidi katika miezi 6 hadi 12, bila kutaka, asingoje tena. Haya ndiyo magonjwa ambayo daktari atayatafuta:

1. Kifua kikuu. Mtu hukohoa majuma 2 au zaidi, hutoka jasho usiku, hupata homa jioni.

2. Ugonjwa wa sukari. Mtu hula vizuri lakini hukonda. Ana kiu nyingi na hukojoa mara nyingi, hata usiku.

3. UKIMWI, ambao wengi kwetu huuita SIDA.

4. Magonjwa ya tumbo na kuhara kwa muda mrefu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na kansa.

5. Kwa wazee, meno. Mzee asiyeweza kutafuna hukonda, wala hasemi neno.

Tena kuna huzuni na woga. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni wameuawa, na wengi wameacha mashamba yao wakakimbia. Mtu aliyeona mambo hayo aweza kukosa usingizi na hamu ya kula, akakonda. Hata hivyo mtu asiseme, "Ni huzuni tu," kabla ya kupimwa. Kifua kikuu humpata pia mtu mwenye huzuni.

Anayetibiwa kifua kikuu ataona kwamba hupimwa uzito kila mara anapokwenda kwa daktari. Si desturi tu. Kiasi cha dawa hufuata kilo za mgonjwa. Kilo zikianza kurudi ni dalili njema. Lakini zisimdanganye akaacha dawa. Kwa kifua kikuu cha kawaida matibabu ni miezi 6, hata kama nguvu zimerudi mwezi wa 2.

Mtoto aliyevimba

Jambo hili huwashangaza akina mama kuliko yote. Kuna mtoto mwenye mashavu makubwa na miguu mikubwa, na jirani husema, "Mtoto huyu amenenepa." Lakini hachezi, ananuna, nywele zake zimekuwa nyepesi na rangi yake imegeuka. Bonyeza miguu yake yote miwili juu ya nyayo kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu, kisha uachie. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, ule si unene bali ni maji. Mtoto ana kwashiorkor, ugonjwa ambao watu wengi wa Kivu huuita bwaki.

Hospitali humpa maziwa ya dawa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Baada ya siku chache uvimbe hushuka, na mizani hushuka pia. Mama huona mtoto amekuwa mwembamba, mbavu zinaonekana. Husema moyoni, "Nimemleta mnene, nao wananirudishia mifupa." Wengine humchukua mtoto wakarudi nyumbani, naye hufia huko.

Mama, usiondoke siku hiyo. Kilo zilizokwenda ni za maji. Mtoto akianza kutabasamu na kutaka chakula, njia ni njema. Ndipo kilo za kweli zitakapoanza kuongezeka.

Kupunguza uzito kwa kusudi

Zamani watu wetu walipanda na kushuka vilima kila siku na mizigo mgongoni. Leo wengi hupanda pikipiki, hukaa dukani tangu asubuhi hata jioni, hula mandazi na kunywa vinywaji vya chupa vyenye sukari. Basi ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa damu kupanda umeingia katika nyumba nyingi, na daktari humwambia mgonjwa, "Punguza uzito."

Hasemi hivyo ili kumwaibisha. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 2002, ulifuata watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilifundishwa kula vema, kutembea dakika 150 kwa juma, na kupunguza kilo 7 katika kila kilo 100. Katika kundi hilo, walioingia katika ugonjwa wa sukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa msaada huo wala dawa. Magoti nayo hufurahi. Kila kilo 1 inayoondoka mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Kwa mtu anayepanda kilima kila siku si jambo dogo.

Mambo ambayo watu hawakuyatazamia

Watu waliopungua uzito hueleza mambo mengi yaliyowashangaza. Yafaa kuyajua mapema.

1. Dawa huzidi nguvu. Hili ni la kwanza kwa hatari. Dawa ya sukari iliyomfaa mtu wa kilo 95 yaweza kuwa nyingi kwake akifika kilo 80. Hutetemeka, hutoka jasho, hupata njaa ya ghafula, huchanganyikiwa, hata kuanguka. Akiwa bado aweza kumeza, apewe mara moja maji au chai yenye sukari nyingi, kisha apelekwe kwa daktari. Asiyejitambua asitiwe kitu kinywani, apelekwe upesi. Vivyo hivyo anayemeza dawa ya damu kupanda aweza kuona kizunguzungu akisimama. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali aende zipimwe upya.

2. Nywele hutoka. Miezi 2 au 3 baada ya kukonda upesi, mama huona nywele nyingi katika kitana, naye hufikiri amerogwa. Sivyo. Mwili uliokosa chakula huacha kwanza kazi isiyo ya lazima. Akila vema, nywele hurudi baada ya miezi kadhaa.

3. Baridi. Mafuta ni kama blanketi, tena mwili wenye chakula kichache hupunguza moto wake. Katika baridi ya Lubero mtu atalitambua jambo hilo upesi.

4. Vijiwe vya nyongo. Anayepoteza zaidi ya kilo 1 na nusu kwa juma aweza kupata vijiwe katika kifuko cha nyongo. Maumivu huwa makali upande wa kuume chini ya mbavu, mara nyingi baada ya kula.

5. Mimba. Mwanamke mnene ambaye siku zake zilikuwa zimepotea aweza kuziona tena baada ya kupunguza kilo chache. Aliyedhani hawezi kuzaa hushika mimba. Kwa wengine ni furaha kubwa. Ambaye hakuwa tayari azungumze mapema na mume wake na mwuguzi.

6. Ngozi hulegea, pete huanguka kidoleni, nguo hazimtoshi tena. Si ugonjwa.

Fikira nazo hubadilika

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 walikubali kula kidogo kwa majuma 24, ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Wengi wao walikuwa wa makanisa yaliyokataa kushika silaha. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini madaktari waliona zaidi ya mifupa. Vijana wale wapole walikuwa wakali na wenye huzuni. Waliona baridi, walifikiri chakula mchana kutwa, wakakiota usiku. Waliporuhusiwa kula, wengine walikula pasipo kushiba, wakazidi uzito wao wa kwanza.

Kwa hiyo, mtu wa nyumbani mwako akipunguza chakula naye akawa mwepesi wa hasira, usiseme ana moyo mbaya. Labda ana njaa kupita kiasi. Na anayejinyima sana leo, kesho kilo zote hurudi na nyingine juu yake. Afadhali polepole, nusu kilo hadi kilo 1 kwa juma.

Majirani watasema nini?

Mwaka 1985 madaktari waliandika habari za ugonjwa mpya katika Rakai, nchi ya Uganda, karibu na Ziwa Victoria. Wenyeji waliuita Slim, yaani mwembamba, kwa sababu wagonjwa walikonda mno. Ulikuwa ni UKIMWI. Tangu siku zile hofu ilishikamana na wembamba, na haijatoka katika mioyo ya watu.

Basi mama aliyeshauriwa na daktari kupunguza kilo 10 husikia minong'ono: "Amepata ule ugonjwa." Ama husema, "Mume wake hamlishi." Wako walioacha kutembea, wakarudia mafuta na sukari, ili majirani wanyamaze. Majirani walinyamaza, lakini sukari ilipanda. Na wako wengine waliokonda kwa kifua kikuu, wakavaa nguo mbili mbili ili wasitambulike, mpaka wakachelewa.

Macho hayawezi kupima damu. Leo mtu mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake kila siku aweza kuwa na mwili mzuri na kuishi miaka mingi. Na mwembamba aweza kuwa hana virusi kabisa. Ukimwona ndugu amekonda, usiulize majirani. Mwulize yeye, faraghani: "Je, ulitaka kupungua? Nikusindikize hospitali?" Maneno hayo mawili yameokoa watu.

Namna ya kufanya

Pimwa sukari na damu kabla ya kuanza. Punguza bugali na mawese sahanini, ongeza sombe, lengalenga na maharagwe. Usikose samaki au mayai ukiweza kuyapata. Acha vinywaji vya sukari, na kasiksi pia. Tembea kila siku hadi upumue kwa nguvu kidogo. Usinunue vidonge vya kukondesha sokoni, wala dawa za kuharisha. Jipime mara moja kwa juma kwa mizani ile ile. Mwanamke mwenye mimba, anayenyonyesha, na mgonjwa wa kifua kikuu wasijaribu kukonda.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Je, kuna mtu katika nyumba yetu anayekonda bila kutaka? Amepimwa?

2. Kwa nini mtoto mwenye kwashiorkor hupungua uzito anapoanza kupona?

3. Mgonjwa wa sukari amepunguza kilo 15. Aende kwa daktari kwa sababu gani, ingawa ana nguvu?

4. Jirani yangu amekonda. Neno gani nitamwambia, na neno gani sitalisema kwa wengine?