Taya ya Mtoto Ikivimba



Mtoto wa miaka mitano au sita akivimba taya, watu wengi wanasema mara moja: ni jino. Wengine wanasema: wamemuloga. Kweli, jino linaweza kuvimbisha taya. Lakini kama meno yanalegea yenyewe, na uvimbe unazidi kila siku, tufikiri pia limfoma ya Burkitt, kansere ya chembe nyeupe za damu.

Chembe hizo ni askari wa mwili. Moja ikiharibika, inazaa zingine bila kipimo. Kwa siku moja ao mbili hesabu yao inaweza kurudufika. Zinaingia katika mfupa wa taya, zinaukula, na meno yanakosa pa kushikilia. Pengine zinashika tumbo, ao uboho wa mifupa, pale damu inatengenezwa.

Munganga Denis Burkitt, mkristo mzaliwa wa Ireland, aliona watoto wa namna hii mwaka 1957 kule Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari mpaka Afrika Kusini, wiki kumi, pamoja na waganga wamisionere Ted Williams na Cliff Nelson. Kila hospitali waliuliza. Wakaona kama ugonjwa uko mwingi kwenye joto na mvua, pale malaria iko. Kwenye milima ya baridi ni haba. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikuta virusi ndani ya chembe zile. Virusi hivyo na malaria ya kurudia-rudia ndivyo vinafungulia kansere hii njia. Na sisi wa Pweto, kando ya ziwa Moero, mbu tunawajua.

Labo inaweza kupima VS, maana yake: chembe nyekundu zinashuka mbio namna gani ndani ya kamrija kwa saa moja. Zikishuka mbio, kuna moto mwilini. Lakini hata malaria, kifua kikuu na jino bovu vinapandisha VS. Kansere inahakikishwa kwa kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama kwa darubini.

Furaha ni hii: ugonjwa huu unasikia dawa upesi, na watoto wengi wanaofikishwa mapema wanapona. Siku zinazopotea kwa mulozi na kwa kung'oa meno, njo zinaua. Ukiona mdogo wako hivyo, sema nyumbani leo: twende kwa munganga. Na usiku, alale ndani ya musikitere.