Ulikuwa darasa la ngapi Mwalimu alipozikwa?

Mechi ya maveterani wa Bunda na wenzao wa Musoma huanza kwa mahojiano, kipyenga kinafuata baadaye. Wageni wakishashuka kwenye Hiace na kubadili nguo nyuma ya gari, kabla hata ya jaramba, mzee mmoja mwenye miwani ya kusomea huvuka mstari wa kati akiwa na daftari kwapani. Husimama mbele ya mchezaji anayemtilia shaka, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akashusha sauti: "Mwalimu alipozikwa ulikuwa darasa la ngapi, mwanangu?"

Hakuna aliyekulia Mara anayehitaji kuambiwa ni Mwalimu yupi. Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa nyumbani kwake Butiama tarehe 23. Mtoto aliyekuwa shuleni mkoani humu siku zile anakumbuka dawati alilokaa, anakumbuka na mwalimu aliyeingia darasani na habari. Kwa hesabu za sasa, aliyekuwa darasa la tatu amefikisha miaka 35, umri wa uveterani waliokubaliana, au yuko mlangoni, basi acheze. Aliyekuwa darasa la kwanza ataulizwa maswali zaidi. Anayejibu kwamba alikuwa hajaanza shule huombwa kwa heshima akakae na watazamaji, na huwa anakwenda huku akichekwa na pande zote mbili.

Nilifika pale kutafuta habari ya mpira. Sasa najua machache sana kuhusu mpira uliochezwa, kwa sababu mahojiano yale yalinikamata na hayajaniachia.

Soka la Tanzania tunalijua kwa udanganyifu wa umri wa upande mmoja tu. Vijeba wanashushwa miaka ili wacheze na watoto. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na jeraha hilo bado linauma. FIFA nao walichoka na vyeti, wakaanza kupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa MRI katika Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 kule Nigeria, maana mfupa ule ukishaungana kabisa unasema mwenyewe kwamba kijana amepita 17. Ila hakuna mashine inayoweza kuonyesha kwamba mtu amefikisha 35. Na kwenye mechi za maveterani wizi unakwenda kinyume: mamluki ni kijana wa ndondo wa miaka 27, amefuga ndevu, amevaa soksi chini ya magoti kama mzee, na akipewa dakika kumi mbele ya mabeki wenye vitambi mechi imekwisha.

Ndiyo sababu ya yule mzee. Yeye ni katibu wa timu ya Bunda, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hapendi jina lake litoke gazetini. Nitamwita Katibu, kama wanavyomwita wenzake. Amefundisha shule kadhaa za wilaya hii, kando ya ziwa na upande wa mbugani, na anasema hiyo ndiyo sifa yake pekee ya kufanya kazi hii. Daraja la ukocha hana. Alicheza beki wa kushoto, goti likamstaafisha kabla ya serikali.

Kuhusu upinzani wenyewe Katibu hataki maneno mengi. Musoma ni makao makuu ya mkoa, ina ziwa, ina Uwanja wa Karume, na iliwahi kuwa na Biashara United iliyomaliza Ligi Kuu ya 2020/21 katika nafasi ya nne, ikaichapa Al Ahli Tripoli 2-0 jijini Dar es Salaam, halafu ikashindwa kusafiri kwenda Libya kurudiana na ikashuka daraja mwaka 2022. Bunda ni mji wa njia panda, mabasi ya Mwanza na Sirari yanapita yakipiga honi. Watu wa Musoma, anadai, wamezoea kuiona Bunda kupitia dirisha la basi. Siku hizi wanawake wa Bunda Queens wamelifikisha jina la mji kwenye Ligi Kuu yao, jambo linalomfurahisha sana. Kwa wanaume waliokwisha kuzeeka imebaki mechi hii, na anayefungwa atasimangwa sokoni, msibani na kwenye kijiwe cha bodaboda mpaka timu zikutane tena.

Turudi kwenye maswali, maana humo ndimo alimo Katibu hasa.

Swali la mazishi ya Mwalimu ni la kwanza tu, na mjanja aliyefundishwa na wenzake ndani ya gari anaweza kulivuka. La pili linawaangusha wengi: ulilipa ada ya shule ya msingi? Ada hiyo ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uliofurisha watoto madarasani. Aliyeanza darasa la kwanza na MMEM hawezi kukumbuka aibu ya kurudishwa nyumbani asubuhi kwa kudaiwa. Katibu anasema jibu lenyewe halimshughulishi sana, anaangalia uso. Aliyewahi kurudishwa nyumbani hajibu haraka. Huanza kwa kutikisa kichwa, kisha anakutajia kiasi alichodaiwa na jina la mwalimu aliyemtoa darasani, na mara moja moja mwalimu huyo huwa ni Katibu mwenyewe.

Niliuliza kwa nini asidai kitambulisho cha taifa, kazi ikaisha. Aliniangalia kwa huruma.

Mkoa huu, alinieleza, una deni la zamani na umri wa watu. Ni Musoma hapo ambapo TANU ilipitisha azimio mwezi Novemba 1974 la kila mtoto kusoma, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa. Watoto wa miaka saba na wa kumi na mbili wakaandikishwa darasa moja, wengi bila cheti cha kuzaliwa, na mwandikishaji akawakadiria kwa kuwaambia wapitishe mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili. Hao ndio wazee wa kikosi chake leo, waliokula ugali wa yanga, unga wa mahindi ya njano, enzi za njaa. Tarehe zao za kuzaliwa ni za mwandikishaji.

Kundi la pili ndilo linalomsumbua roho. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, na mtoto aliyefeli mtihani wa darasa la saba alikuwa na njia moja ya uchochoroni: kuhamia shule nyingine na kurudia darasa kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Kila Mtanzania wa rika hilo anamjua mtu aliyefanya hivyo. Pamoja na jina, alichukua mwaka wa kuzaliwa wa mwenye jina hilo. Akafaulu, akaenda sekondari kwa jina hilo, akapata kazi, akaoa, akabatiza watoto kwa ubini usio wa babu yao, na kitambulisho chake cha taifa kinasema ni mdogo kwa miaka minne au mitano kuliko magoti yake.

Mtu kama huyo alikuja na timu ya Musoma. Sitasema anafanya kazi gani wala anacheza namba ngapi. Kadi yake ilimwonyesha kijana, na vijana wa Bunda waliokuwa wakichungulia begani kwa Katibu walikwisha kushangilia, kwa kuwa ni fundi wa mpira na kumtoa kungekuwa nusu ya ushindi. Katibu aliitazama kadi, akamtazama mwenye kadi, akafunga daftari. Alikuwa amewafundisha wote wawili: mwenye jina na aliyelichukua jina. Alitamka mbele ya timu zote kwamba huyu ni mtu mzima na ana haki ya kucheza, akakataa kueleza amejuaje. Bunda ilifungwa siku hiyo. Aliyeichoma alikuwa nani, wasomaji mtakisia.

"Walinikasirikia wiki nzima," Katibu anasema. "Nikawaambia, mnataka nimtoe mtu uwanjani kwa karatasi ambayo mimi najua si yake?"

Kuna jambo moja aliliongeza baadaye tukitembea kuelekea barabarani. Kazini mtu huyo anaitwa jina la kwenye kadi. Hata nyumbani mkewe anamwita hivyo. Uwanjani, wenzake aliokua nao wakitaka pasi, wanamwita jina alilopewa na mama yake. Sijui sheria ingesema nini juu ya maisha ya namna hiyo, wala kama kosa la mtoto wa miaka kumi na nne, aliyesukumwa na wakubwa waliokuwa wakimtakia mema, linapaswa kumfuata mpaka kwenye pensheni. Katibu naye hana jibu. Anachosema ni kwamba Jumamosi moja kwa mwezi mtu huyo ana umri wake na jina lake.

Kwa wachezaji wenye asili ya Kikurya kazi ni rahisi. Waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja lenye jina lake, na mtu hawezi kujiingiza kwenye rika lisilo lake mbele ya wanarika wakakaa kimya. Katibu humwita tu mchezaji wa upande wa pili wa rika linalodaiwa na kumuuliza, huyu ni wenu? Kwa Wajita na Wasukuma anategemea shule, kwaya, kipaimara, na nani alicheza na nani kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Mashahidi wake wazuri kuliko wote ni wapinzani. Daftari lake limejaa majina ya watu wa Musoma waliowathibitisha watu wa Bunda, na wa Bunda waliowathibitisha wa Musoma. Nilipolifungua nilitegemea kuona matokeo na wafungaji. Matokeo yamo, yamebanwa pembeni. Kurasa zimejaa mistari ya namna ya "fulani alisoma na fulani, walimaliza pamoja". Baadhi ya majina ya mashahidi yamepigwa mstari, na sikuhitaji kuuliza mstari ule unamaanisha nini. Shahidi akifariki, umri wa mtu mwingine unabaki bila mlinzi. Nilimuuliza watafanyaje mashahidi wakibaki wachache. Katibu alipandisha mabega.

Sheria 17 za mpira zina nafasi yao katika haya. Kwa soka la maveterani zinaruhusu kupunguza muda wa mchezo, kupunguza ukubwa wa uwanja, na mchezaji aliyetolewa kurudi tena kila anapopata pumzi. Umri wa kuanzia uveterani zimewaachia wenye mpira wa kila nchi waupange. Bunda na Musoma wamekubaliana 35 na dakika 35 kila kipindi, na benchi linageuka kituo cha mapumziko ambako watu wanaingia na kutoka wakipeana jezi zilizolowa jasho. Mpira ni wa taratibu, wenye akili, wenye makelele mengi. Roger Milla alifunga kwenye Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 42, na kila timu hapa inaye mmoja anayelikumbusha hilo kabla hajapaisha mpira juu ya mwamba.

Ila niliwatazama kwa wasiwasi kipindi cha pili kilipoanza. Kiungo mmoja alitoka, akainama, mikono magotini, akavuta hewa kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akanywa maji, akarudi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Umri wake ulikuwa umethibitishwa na mashahidi wawili na daftari. Moyo wake haukuwa na shahidi.

Kwa wanamichezo vijana wanaoanguka ghafla uwanjani, mara nyingi chanzo ni hitilafu ya moyo waliyozaliwa nayo. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka hivyo Lyon mwaka 2003 akiwa na miaka 28, na baada yake FIFA wakaweka vipimo vya lazima kabla ya mashindano yao makubwa. Kwa waliopita 35 chanzo kikuu ni kingine: mishipa inayolisha moyo damu imeziba, kazi ya miaka mingi ya presha, sukari, sigara na mafuta. Mtu anaweza kuwa nayo na asijue, kwa sababu siku za kawaida haimuulizi chochote. Inamuuliza Jumamosi anapomkimbiza winga.

Nilimweleza Katibu hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi ambaye hatimaye ameuliza swali la maana. "Umri unaleta ugomvi, kwa hiyo tunaukagua," alisema. "Presha haijaleta ugomvi." Timu imezika baadhi ya wachezaji wake, wote walifia nyumbani au hospitali. Hakujua ni wangapi kati yao moyo ndio uliowaua, na hakuna aliyewahi kuhesabu.

Kipimo cha presha hakizidi dakika chache kwa mtu, muda mfupi kuliko mahojiano ya Katibu. Anayesoma 140 kwa 90 au zaidi, kisha akapimwa tena akiwa ametulia ikabaki hivyo, anatakiwa amwone daktari kabla ya kuvaa njumu. Anayebanwa kifua akikimbia, au maumivu yakashuka mkono wa kushoto, asicheze kabisa mpaka aangaliwe. Maofisa michezo wa Bunda na Musoma wanazijua timu hizi, na mara nyingine huwa wageni rasmi wa mechi zao. Ninawaomba mechi ijayo waje na muuguzi na mashine yake, waketi mezani pamoja na Katibu, na asiyepimwa asiingie uwanjani hata kama alikuwa darasa la saba Mwalimu alipozikwa.