Kabla hujalipia dumu la asali: nusa, onja, pima

Wauzaji wenzangu, leo nawapa somo lililonigharimu hela.

Mwanzoni nilikuwa nanunua asali Kibondo na Kasulu kwa macho tu. Nikiona nyeusi, picha inatoka vizuri, nalipia. Siku moja nikachukua madumu mawili, nikajaza chupa, nikatuma kwa wateja Dar. Wiki tatu baadaye simu zikaanza: "Dada, asali yako inatoa povu, kifuniko kimeruka." Nikarudisha hela za watu, na nauli ya mzigo ikawa juu yangu. Asali ilikuwa na maji mengi, na mimi sikuipima.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Nusa. Fungua dumu, weka pua kabla ya ulimi. Ukisikia harufu ya pombe au siki, imeanza kuchacha, iache. Ukisikia moshi mzito, mrinaji alizidisha moto, na hata uchuje mara kumi moshi hautoki.

2. Onja. Tumia kijiko kisafi, kiasi kidogo, iache itambae ulimini kabla ya kumeza. Jiulize: utamu ukoje? Inakwangua koo? Inaacha ladha gani mwisho? Kunywa maji kabla ya dumu linalofuata. Onja ya juu na ya chini, maana ya juu ndiyo huwa na maji zaidi. Andika kwenye daftari, usitegemee kumbukumbu.

3. Pima. Lita 1 ya asali iliyokomaa ina kama kilo 1.4. Dumu la lita 20 lifike kilo 28, ukishatoa uzito wa dumu tupu. Ikipungua, shtuka. Kikomo cha maji ni asilimia 20, ikizidi hapo inachacha kirahisi. Kifaa cha kupimia maji kinaitwa rifraktomita, mnaweza kuchangishana kikundi mkakinunua. Muulize pia mrinaji kama alikata masega ambayo nyuki wameshayaziba, kwa sababu hiyo ndiyo asali iliyokomaa. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kwa asili yake, hivyo iuze kivyake, usiichanganye.

Mizani haikwambii kama imetiwa sukari. Hapo ni maabara, na kumjua mrinaji wako. Mzee mmoja wa Kasulu aliponiona na mizani alicheka: "Pima, mwanangu. Anayekataa kupimiwa, usinunue kwake."

Halafu angalia hesabu: ukinunua kwa kilo ukauza kwa lita, kila lita inabeba bei ya kilo 1.4. Wengi tunapata hasara hapa bila kujua.

4. Usidanganywe na macho. Nyeusi siyo lazima iwe bora, rangi inategemea sana maua. Kuganda siyo dalili ya sukari, asali halisi nayo inaganda. Na kuiwasha kwa kiberiti hakuthibitishi chochote.

5. Uliza imerinwa lini. Mteja mmoja aliniuliza kama asali ikikaa miaka inapanda thamani, kama tequila ya Mexico. Nikamwambia hapana. Tequila ya daraja la añejo hukaa angalau mwaka 1 kwenye pipa la mwaloni, na mti ndio unaoipa rangi na ladha. Asali haingoji pipa. Ikikaa sana, hasa kwenye joto, inazidi kuwa nyeusi na harufu yake inapotea.

Sasa ukipost, andika ulichoonja: "Asali ya Kibondo, imerinwa Julai, nyeusi kiasi, ina moshi kidogo, inakwangua koo mwishoni." Asiyependa moshi hatanunua, na hatakurudishia mzigo. Usiandike kwamba inatibu kila kitu. Na mkumbushe mteja kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali.

Wewe dumu lako la mwisho ulilipima, au uliliangalia tu? Tuambie hapo chini.