Je, Wajua? Walinzi wa Baridi Kali

Je, wajua kwamba jirani na Gombani, pale Wawi kisiwani Pemba, kuna baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri? Imo kwenye friza za Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hapo ndipo zilipohifadhiwa sampuli za kina mama wajawazito wa Pemba walioshiriki AMANHI, utafiti wa afya ya mama na mtoto mchanga, sambamba na wenzao wa Pakistan na Bangladesh.

King'ora cha friza za namna hiyo huwa na betri yake, kwani umeme ukikatika ndipo kinapohitajika zaidi. Sampuli iliyoyeyuka usiku ikaganda tena alfajiri haitambuliki kwa macho. Kumbukumbu ya kipimajoto ndiyo shahidi. Na Pemba tunaujua umeme: kabla ya kebo ya baharini kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010, kisiwa kizima kilitegemea jenereta za dizeli.

Kwa wanafizikia, hasi 80 bado ni joto. Nitrojeni huwa majimaji kwa hasi 196, heliamu kwa hasi 269.

Je, wajua kwamba sumaku za mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, katika handaki la kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hupozwa kwa heliamu hadi hasi 271.3? Hapo nyaya zake hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Sehemu ndogo ikipata joto kidogo tu, ukinzani hurudi na volti hupanda. Ikizidi sehemu moja ya kumi ya volti kwa milisekunde 10, mfumo wa ulinzi haumngojei mtu: hukata umeme na kuwasha hita zilizobandikwa kwenye sumaku. Ndiyo, huipasha joto sumaku nzima makusudi, ili nishati isambae badala ya kuyeyusha mahali pamoja.

Tarehe 19 Septemba 2008 kiungo kibovu cha nyaya kati ya sumaku mbili kiliachia. Takriban tani 6 za heliamu zilipotea, mashine ikalala zaidi ya mwaka. Ndipo viungo vile vikaongezewa ulinzi wake.

Je, wajua kwamba heliamu iko kwetu pia? Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa ipo kwa wingi chini ya Bonde la Rukwa. Huzaliwa polepole urani na thori zinapomeguka ndani ya miamba ya kale. Joto la volkano ndilo lililoifungulia njia.

Mashine nyingi za MRI hospitalini huitumia kupozea sumaku zake. Kiasi kilichobaki tangini hupimwa kwa uzi mwembamba uliosimama wima: sehemu iliyozama haina ukinzani, iliyo juu ya majimaji inao. Ukinzani ukipimwa, kina kimejulikana.