UPIMAJI WA VIFAA VYA MITAMBO YA REDIO KWA NGUVU KAMILI

Mtambo wa kurushia matangazo hupeleka nguvu zake kwenye antena kupitia kebo, viunganishi na vichujio. Kimoja kikiharibika, kituo kizima huweza kunyamaza. Na redio kunyamaza wakati wa tahadhari, kama zile za Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, si jambo dogo. Watumishi wanaoshughulikia ununuzi wa vifaa hivyo, na wananchi kwa jumla, wanaelezwa hapa jinsi vinavyojaribiwa kabla ya kufungwa.

Kipimo cha nguvu ndogo hakitoshi. Kifaa huweza kufaulu kwa sehemu ndogo ya wati moja, kisha kikashindwa kazini. Katika njia ya omu 50, wati 10,000 huleta kilele cha volti 1,000 na mkondo wa ampea 14 hivi. Hapo kiungo kilicholegea hushika moto, na mwanya mwembamba wenye uchafu huruka cheche.

Ndipo hutumika amplifaya. Hii si ile ya vikundi vya taarabu inayokuza sauti. Hukuza mawimbi ya redio yenyewe. Mawimbi dhaifu ya masafa yanayotakiwa hukuzwa, hupitishwa ndani ya kifaa, kisha humezwa na kizuizi kinachoyageuza kuwa joto ili yasirushwe hewani. Kipimo kilichowekwa njiani hutofautisha nguvu inayokwenda na inayorudi. Nguvu hupandishwa hatua kwa hatua, na kila hatua husubiriwa mpaka joto la kifaa litulie. Fundi mwenye haraka hapimi kitu. Nguvu inayorudi ikiongezeka ilhali inayokwenda haikubadilishwa, jaribio husimamishwa mara moja. Amplifaya nayo yapasa kuwa na uwezo wa ziada, kwani ikisukumwa hadi ukomo wake huzaa mawimbi yasiyotakiwa, na matokeo hayaaminiki.

Vifaa vya minara ya simu hupitishiwa pia mawimbi mawili kwa pamoja, kwa kawaida wati 20 kila moja, ili kubaini kama kiunganishi chenye kutu, adui mkubwa wa visiwani, huzaa mawimbi mengine yanayovuruga mapokezi.

Ni marufuku kufungua kiunganishi nguvu ikiwa inapita, kwani huunguza mwili vibaya.

Mnunuzi adai karatasi ya matokeo inayoonyesha nguvu iliyotumika, masafa, muda wa jaribio na joto lililofikiwa.