Vyuma au Mpira? Kweli na Uongo Kuhusu Mazoezi ya Nguvu Nyumbani

Chuma hakisafiri bure. Bidhaa nyingi zinazouzwa Juba huja kwa lori kutoka Uganda, huvuka mpaka Nimule, kisha zikala kilomita 192 za lami, na kila kilo ina gharama yake. Kwa kijana wa mtaa wa Juba Na Bari anayetaka kujenga mwili, jozi ya vyuma vya mkono ni mzigo kwa mfuko na kwa chumba pia. Mpira wa mazoezi, ule mkanda wa kuvutwa, unakunjwa ukaenea kiganjani. Lakini kila ukiutaja mpira, maneno ya kijiweni hayakosi. Tuyapime moja moja.

1. “Bila chuma hupati nguvu.” SI KWELI.
Msuli hauna macho. Haujui kama unashindana na chuma, mpira au jerikeni ya maji. Unachokijua ni kazi. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti 8 zilizolinganisha mpira na vyuma au mashine, wakakuta nguvu iliyopatikana haikupishana kwa kiasi cha maana. Sharti ni jitihada: simamisha seti pale unapohisi umebakiza marudio mawili au matatu tu kabla ya kushindwa. Ukivuta mara thelathini huku unapiga soga, mpira hautakupa kitu, na chuma vilevile.

2. “Mpira ni wa wagonjwa na akina mama.” SI KWELI.
Wengi waliuona kwanza hospitalini, mikononi mwa mtu anayefufua bega au goti, wakadhani kazi yake inaishia hapo. Ukweli ni kwamba mipira hutofautiana unene. Katika seti moja maarufu, wa njano ukivutwa hadi mara mbili ya urefu wake hudai kama kilo 1.4, wa dhahabu hudai zaidi ya kilo 6. Ukiukunja mara mbili, au ukishika mipira miwili pamoja, uzito unapanda. Ila usiamini rangi pekee, kwa sababu kila kiwanda kina rangi zake. Na mama naye ana haki ya nguvu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka kila mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, aifanyishe kazi misuli mikubwa angalau siku 2 kwa wiki.

3. “Mpira na chuma ni kitu kilekile.” SI KWELI.
Hapa ndipo ufundi ulipo. Chuma huvutwa na ardhi, kwa hiyo hulemea kwenda chini tu. Mpira huvuta kuelekea ulikofungwa. Ufunge kwenye mwembe uani, keti, vuta kwa viwiko kuja mbavuni, na mgongo utafanya kazi ambayo kwa chuma ungelazimika kuinama ili uipate. Tofauti ya pili: mpira ni mwepesi mwanzoni na mkali mwishoni. Basi anza ukiwa tayari umekaza kidogo, kisha rudi polepole, ukihesabu hadi tatu. Ukiuachia urudi wenyewe, umetupa nusu ya zoezi.

4. “Mpira unatosha kwa kila kitu.” SI KWELI.
Miguu ina nguvu kubwa, na mwenye mazoezi ataushinda mpira mapema. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na karibu kila nyumba inayo. Ikumbatie kifuani uchuchumae na kuinuka, au chuchumaa kwa mguu mmoja mmoja. Na anayelenga mashindano ya kunyanyua chuma lazima anyanyue chuma.

5. “Mpira hukatika.” KWELI.
Jua na joto huuchakaza. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Mpira ulioachwa kwenye kamba ya nguo siku kama hizo unazeeka haraka. Uhifadhi kivulini. Kabla ya kila zoezi ukague: ukiona ufa au mkato mdogo, uache. Usiuvute kuelekea usoni, maana ukikatika unaweza kuumiza jicho. Ukiufunga mlangoni, simama upande ambao kuuvuta mlango ni kuufunga. Vipande vya tyubu wanavyofungia mizigo waendesha boda vinaweza kusaidia, lakini vikague kwa ukali zaidi, kwani vimeshafanya kazi nyingine kabla ya kukufikia.

Anza na siku mbili kwa wiki, jioni jua likipoa: kuvuta, kusukuma, kuchuchumaa, seti tatu kila moja. Andika kwenye daftari mpira uliotumia, mahali uliposimama na marudio uliyofikisha. Baada ya miezi miwili, mtu akikuambia mpira ni mchezo wa watoto, mfungulie ukurasa wa kwanza, kisha wa mwisho.