Glasgow Mezani: Bahari ya Watu Wawili

Wikiendi zenu zimebaki TV na simu tu? Jaribuni hii.

Agosti 27, 1896, mizinga ya Waingereza iliizamisha Glasgow, meli ya Sultani, bandarini mbele ya Mji Mkongwe. Vita havikufika hata saa moja, lakini milingoti mitatu na dohani viliendelea kuchomoza juu ya maji hadi 1912. Mandhari hiyo mnaweza kuitengeneza nyumbani.

Milingoti ni vijiti vya mishikaki, dohani ni kipande cha mrija. Mmoja achonge, mwingine apake sakafu ya bahari: bluu nzito kilindini, kijani cha Unguja karibu na ufukwe.

Shughuli yenyewe ni maji. Vaeni glavu, fungueni madirisha, changanyeni rezini angavu na kigumishi chake kwa vipimo vya kwenye kopo. Mimineni tabaka jembamba, lifunikeni vumbi lisiingie, subirini ligande, ndipo mmimine jingine. Mkimimina yote kwa pupa, inapata moto na kupasuka, na kazi ya wiki nzima imezama.

Hapo ndipo mtajuana, maana mmoja wenu lazima ana haraka! Huyo mpeni kopo la silikoni angavu apige viwimbi mwishoni. Kwa sasa, akachemshe chai ya tangawizi.